Mhariri Wetu na Ugomvi wa Tarehe

Mikutano yetu ilianza saa tisa alasiri, na yeye alifika wakati wowote baada ya hapo. Alivua ndala zake mlangoni, akaketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakimfika karibu kidevuni, na kabla salamu hazijaisha aliuliza, "Leo nagombania nini?"

Karibu kila mara tulikuwa tunagombania tarehe.

Sisi tulimwita Mhariri. Jina alikuwa nalo, na mtaa mzima ulilijua, lakini katika miaka yote niliyoishi Garissa sikumbuki kumwita kwalo. Vijana walimwita Eedo, yaani shangazi, na ole wao waliosahau. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Mrefu, mkavu, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mgeni kutoka Taita, niliyepangiwa kazi huko mwanzoni mwa miaka ya tisini na kulia wiki nzima kwa sababu ya joto. Alinipata sokoni nikibishana na muuza maziwa kwa Kiswahili cha vitabu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniita dada kwa Kisomali: "Abaayo, wewe nafaa. Njoo shuleni Alhamisi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kamusi elezo ya mkoa. Kitabu kimoja ambamo mtu angefungua herufi D akasoma juu ya Dadaab, akafungua T akasoma juu ya Takaba, akasoma juu ya ngamia, magonjwa yao, misimu, visima, masheikh, michezo ya watoto. Hakuna aliyelipwa. Waandishi walikuwa walimu, wauguzi, madereva wa malori, wafanyabiashara wa mbuzi, mtu yeyote aliyejua jambo. Maandishi yalitufikia yamekunjwa ndani ya mifuko ya abiria, mengine kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na mengi hayakuwa maandishi kabisa. Yalikuwa kanda za kaseti. Mzee wa Mandera aliongea kwa kaseti kama alivyozoea kuzungumza na mwanawe aliye ng'ambo, nasi tukaketi kumsikiliza, tukaandika.

Kila ingizo lililokamilika lilining'inizwa kwenye kamba darasani kwa vibanio vya nguo. Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Mlango ulikuwa wazi, mtu yeyote aliweza kuingia, kusoma, na kuandika pembeni kilichokosewa. Sharti lilikuwa moja: ueleze umejuaje. "Nilikuwepo." "Mama aliniambia." "Nimesoma ofisini." Siku za mnada wa mifugo darasa lilijaa wanaume wenye bakora, vumbi la ng'ombe likiwa bado miguuni, wakisomeana kwa sauti. Huko nje makorongo wakubwa walitembea juu ya mabati, na kelele za kucha zao zilifanya tuongee kwa nguvu zaidi.

Kwa nini Kiswahili? Hilo nalo liligombaniwa. Sheikh wetu, mtu mpole mwenye ndevu zilizotiwa hina, alitaka Kiarabu au Kisomali. Karani, mstaafu wa ofisi ya wilaya aliyevaa tai hata kwenye joto lile, alitaka Kiingereza. Mhariri akasema mkoa una Wasomali, una Waborana, una watu wa kando ya Tana, na Kiswahili ndicho lugha pekee ambayo kila mmoja wetu huivunja kwa usawa. Tukacheka, likapita.

Yeye mwenyewe aliivunja kuliko sisi sote, akiongea. Alisema "bole bole" na "habana", alisema "kitabu yangu" na "fitu ile". Kisha aliketi na kuandika, na kilichotoka kwenye kalamu yake kilikuwa Kiswahili safi kiasi kwamba mimi, niliyeitwa kusahihisha ngeli, sikupata cha kusahihisha. Siku moja nilimuuliza inakuwaje. Akajibu, "Kalamu yangu nasoma shule. Ulimi yangu nachunga mbuzi. Sasa wewe nataka mbuzi afanye mtihani?"

Alikuwa na chuki na maneno fulani. Maarufu. Mkubwa. Mashuhuri. Aliyakata yote. Mara moja alikuja mfanyabiashara mmoja wa Wajir akiwa na ingizo juu ya marehemu baba yake, na neno shujaa lilikuwemo katika kila sentensi. Mhariri alilifuta mahali pote. Yule bwana akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Unamfuta baba yangu?"

"Simfuti, walaal, ndugu yangu. Nauliza tu. Alifanya nini?"

"Alikuwa shujaa!"

"Nasikia. Alifanya nini?"

Bwana akaketi. Kisha, akiitazama sakafu, akaeleza jinsi ukame mmoja ulipowakuta mbali na maji, na baba yake akawapandisha watoto wa watu wengine kwenye ngamia pekee aliyebaki, akatembea kwa mguu akimshika mkono yeye, mwanawe wa kumzaa, ili watu wasiseme amempendelea. Sheikh alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Andika hiyo," Mhariri alisema. "Hiyo tu. Bila lile neno."

Aliandika. Ninavyojua mimi, hilo ndilo ingizo lililosomwa kuliko yote pale kambani.

Lakini mtu huyohuyo aliyekataa sifa kwenye karatasi alikuwa na ngamia jike mmoja nje ya mji, na jioni akimtembelea alimwimbia sifa za kila aina: shingo yake, macho yake, mwendo wake, ukoo wake. Nilimsindikiza siku moja, nikamkumbusha juu ya neno mashuhuri. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Huyu si ingizo," akasema.

Sasa nirudi kwenye tarehe, maana hapo ndipo nilipomjua.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya siku za kuzaliwa. Watu wengi wa mkoa hawakuandikiwa siku walipozaliwa, na walipochukua vitambulisho, makarani waliwajazia tarehe mosi Januari. Karani wetu alitaka tufuate vitambulisho, kwani ndiyo karatasi ya serikali. Mhariri alisikiliza akinywa chai yake ya maziwa ya ngamia, akaweka kikombe chini, akamwita adeer, yaani ami.

"Adeer, mkoa mzima nazaliwa siku moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hiyo siku moja, wakunga natoka wabi?"

Karani mwenyewe alicheka mpaka tai ikamlegea. Kuanzia hapo, kama siku haijulikani, tuliandika kwamba haijulikani. Alisema pengo la kweli lina heshima kuliko tarehe ya uongo.

Ugomvi wa pili ulichukua msimu mzima. Tarehe ziandikwe vipi? Wengine walileta miaka ya Hijria, wengine ya Miladi. Wafugaji hawakuleta nambari hata moja; walisema mwaka wa ndui ya ngamia, mwaka wa mvua iliyoleta kupe. Wale waliofanya kazi na mashirika ya misaada waliandika mwezi kabla ya siku. Sheikh alitetea Hijria kwa utulivu na hoja. Karani alitetea Miladi kwa kupiga meza. Mhariri alikuwa upande wa Karani, na aliupigania kwa moyo wote. Kitabu ni kimoja, alisema, na msomaji asilazimike kufanya hesabu kila ukurasa. Tupige kura, tuchague mtindo mmoja, tugeuze kila kitu. Tulipiga kura. Miladi ikashinda. Sheikh akakubali matokeo kwa kuinamisha kichwa, na mwaka mzima uliofuata yeye ndiye aliyetugeuzia tarehe za Hijria, bila kinyongo.

Kisha kikaja kisima cha Takaba.

Ingizo lilikuwa fupi. Kisima kilichimbwa na fulani, mwaka fulani. Tatizo ni kwamba familia mbili zilidai kukichimba. Ya kwanza ilikuwa na mwaka wa Hijria, uliohifadhiwa na masheikh wao kichwani. Ya pili ilikuwa na mwaka wa Miladi, pamoja na mwezi wake, ulioandikwa na afisa wa kikoloni aliyepita akawakuta wakichota. Na mwaka wa Hijria hauanzi pamoja na Januari. Huanza katikati ya mwaka mmoja wa Miladi na kuishia ndani ya mwingine. Ukiugeuza kwa kufuata mwanzo wake, familia ya kwanza ilitangulia. Ukiugeuza kwa kufuata mwisho wake, familia ya pili ilitangulia.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha kama isingekuwa injini. Ofisi moja ilikuwa imeahidi kuweka injini ya kusukuma maji pale, na ikasema itakabidhiwa kwa waliochimba. Mtu wa ofisi hiyo alipita darasani kwetu, akaona tunavyofanya kazi, akafurahi. "Basi hatuna haja ya kusumbuka," alisema. "Tutafuata kitabu."

Habari ilifika Takaba kabla ya sisi kuelewa uzito wake. Tukasikia kwamba vijana wa pande zote mbili wameanza kulala karibu na kisima, na hawakulala na fimbo tu.

Mhariri aliwatumia wito wazee wa familia zote mbili. Walikuja kwa lori la mbuzi, safari ya siku kadhaa, na kwa kuwa wiki ile lilikuwepo lori moja tu, walikuja pamoja, wamekaa pande mbili za mbuzi wale wale bila kusemezana neno. Wa familia ya kwanza alikuwa mnene na kipofu wa jicho moja. Wa pili alikuwa mwembamba kama ufito. Walipoingia darasani walikuwa na harufu moja.

Karani alikuwa ameandaa kalenda zake. Mhariri akamwomba aziweke kando. Akawanywesha wazee chai, akawauliza kwa Kisomali, huku Sheikh akininong'oneza tafsiri. Hakuuliza mwaka. Aliuliza, "Msimu ule mlikuwa mnakula nini?"

Yule mnene alisema walikula ngozi zilizochemshwa. Alikuwa mgongoni mwa mama yake, anasimuliwa tu. Baba yake na ndugu zake walichimba mpaka wakapata maji, wakanywa, wakahama kufuata mvua. Waliporudi walikuta kisima kimebomoka ndani.

Yule mwembamba akainua kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mwenzake.

"Nani aliyekizibua?" Mhariri aliuliza.

"Sisi," alisema yule mwembamba. "Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa mwepesi. Walinifunga kamba kiunoni wakanishusha nitoe udongo kwa bakuli. Udongo uliniangukia. Nilizikwa mpaka hapa." Akaonyesha kifua.

Mnene alimgeuzia jicho lake zima. Kisha akasema, polepole, "Nimekua nikisikia juu ya mtoto wa kamba. Mama yangu alikuwa akituambia. Walisema alikufa baadaye."

"Sikufa."

"Walisema baba yangu alirudi siku ile na ndiye aliyekuvuta."

Mwembamba aliishika bakora yake kwa mikono miwili. Mwishowe alisema, "Aliyenivuta alikuwa na kovu mkononi. Sikujua alikuwa wa nani."

"Kovu la maji moto," alisema mnene.

Sikusikia makorongo juu ya bati. Ningekuwa mimi ningesimama, ningewakumbatisha wale wazee, ningesema maneno. Mhariri hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua karatasi mpya akaanza kuandika. Aliandika alichosema wa kwanza, kwa mwaka wake wa Hijria kama alivyouleta. Aliandika alichosema wa pili, kwa mwaka wake wa Miladi kama alivyouleta. Hakugeuza hata mmoja. Kisha akawasomea kwa Kisomali, taratibu.

"Umeandika nilivyosema?" aliuliza mnene.

"Nimeandika ulivyosema."

"Na yeye?"

"Naye pia. Na ambacho hamkukijua wote wawili nimekiacha wazi."

Yule mwembamba akaomba asomewe tena. Alipokwisha kusomewa, mnene akasema, "Kiende hivyo."

Sitadanganya kwamba waliondoka wamekuwa ndugu. Injini ilipowekwa, wazee wa pande zote mbili waliingizwa kwenye kamati yake, na nasikia waligombana juu ya dizeli kila mwezi. Lakini waligombana kwa maneno, na vijana wakarudi kulala kwao.

Alhamisi iliyofuata ziara ya wazee, Mhariri alifika kwa wakati, jambo ambalo lilitutia hofu. Alisimama mbele, ubaoni, akatuambia ule uamuzi wa tarehe aliokuwa ameupigania ulikuwa mbaya. Alisema tumekuwa tukiwabadilishia watu miaka yao mdomoni, na kidogo tu uamuzi ule ungemwua mtu. Alitaka kila ingizo lirudiwe: tarehe iandikwe kama msimulizi alivyoitoa, kisha pembeni, kwa wepesi wa msomaji, ielezwe inaangukia wapi, na kama inaangukia pawili pasemwe pawili.

Karani aliinuka akiwa mwekundu machoni. "Tulipiga kura. Wewe ndiye uliyetuongoza kupiga kura. Mwaka mzima, mama, mwaka mzima tumegeuza! Kesho utataka nini?"

"Kesho sijui, adeer. Leo nataka hii."

Karani alichukua mwavuli wake akatoka. Wengine kadhaa walimfuata. Nilidhani kitabu kimekufa pale pale.

Mhariri hakuwabembeleza. Alifungua kabati akatoa maingizo yaliyokwisha kupangwa, rundo baada ya rundo, akatandika mkeka sakafuni, akaanza na herufi A. Nilikuwa nikitoka kazini napita, namkuta. Sheikh naye alikuja, akakaa upande mmoja akimrudishia miaka ile ile aliyoigeuza kwa mkono wake. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Jasho lilidondoka kwenye karatasi, naye akalifuta kwa ncha ya shashi lake la kichwani kabla wino haujatawanyika. Hakulalamika. Hakusema anajitoa mhanga. Mara nyingine alikuwa anaimba wimbo wa ngamia wake kwa sauti ya chini. Nilimtazama na nikajua kwamba nimeona mtu akifanya jambo ambalo mimi nisingeweza, nalo halikuwa kazi ile ya mkono. Lilikuwa kule kusimama mbele ya watu uliowashinda kwa hoja, na kuwaambia kwamba hoja yako ilikuwa na kasoro.

Tulikuwa kwenye herufi H tulipomwona Karani mlangoni. Alisimama kidogo na mwavuli wake. Akavua viatu, akalegeza tai, akaketi mkekani, akavuta rundo la herufi M upande wake.

"Hii Mandera mmeiandika vibaya," akasema.

Mhariri alimsogezea kikombe cha chai.

Kitabu kilitoka kwa mashine ya kurudufu, sehemu kwa sehemu, kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Hakikutoka chote. Baada ya herufi N watu walihamishwa, Sheikh akafariki, na mimi nikaacha ualimu nikapata kazi ya ukalimani katika kambi za wakimbizi upande wa Dadaab. Sikumwona tena mpaka mwishoni mwa miaka ile ya tisini.

Ilikuwa kambi ya Dagahaley, zahanati moja, asubuhi ya mwezi Mei. Niliitwa mbio kwa sababu akina mama wamekataa kuondoka. Nilikuta uwanja umejaa wanawake na watoto wachanga, wengine wametembea tangu kabla ya alfajiri. Surua ilikuwa imeingia sehemu ile ya kambi, na tangazo la chanjo lilikuwa limebandikwa wiki nzima: 6/5. Wao wakalisoma kama anavyolisoma mtu yeyote wa huku, tarehe sita Mei, wakaja. Afisa kijana kutoka ng'ambo, aliyekuja nchini karibuni, alikuwa ameandika kama wanavyoandika kwao, mwezi kwanza. Alimaanisha tarehe tano Juni.

Na mbele yao wote, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, ameketi Mhariri. Amezeeka, mkongojo uko magotini, mjukuu wa dada yake, aliyeishi pale kambini, yuko pembeni akiwa na mtoto mchanga mwenye macho mekundu. Aliponiona hakushangaa.

"Abaayo. Fizuri. Mwambie huyu kijana."

"Nimwambie nini?"

"Yeye hakosei. Kwao nasoma hivyo. Na sisi hatukosei. Lakini surua hangoji Juni."

Nikatafsiri. Kijana akaeleza kwamba makao makuu yana utaratibu wao wa kuandika, na chanjo zimepangwa mwezi ujao. Uso wake ulikuwa umeungua na jua, na alionekana kama mtu anayekaribia kulia.

"Mwulize kama iko dawa kwenye friji ya Dadaab," Mhariri alisema.

Ilikuwepo. Ya dharura.

"Basi hii ni nini?" Alimwonyesha kwa mkongojo wale watoto. Hakupaza sauti. "Mwambie mimi nangoja. Gari naenda, gari narudi. Mimi na hawa."

Kijana aliutazama uwanja. Akaingia ndani, tukasikia redio ya mawasiliano ikikoroma. Gari likaenda. Likarudi saa saba mchana na kisanduku cha barafu, na wauguzi wakaanza kuchanja. Mhariri alisubiri mpaka yule mtoto wa mjukuu alipolia kilio kifupi cha sindano. Kisha akainuka kwa shida, akamwendea yule kijana.

"Mwambie aandike jina ya mwezi. Siku, halafu jina. Nambari yake abaki nayo, sisi habana taka kumbadilisha."

Kijana alichukua kalamu nene, akafuta, akaniuliza herufi, akaandika upya kwenye ubao wa matangazo tarehe ya chanjo ya pili, mwezi kwa jina lake, kwa Kiswahili na chini yake kwa Kisomali. Aliniuliza yule mama mzee ni nani. Nikafungua mdomo nimweleze, nimweleze yote, lakini Mhariri alikuwa amekwisha kugeuka anaelekea langoni, akimshika mkono mjukuu.

Wanawake walijipanga mbele ya ubao. Wasiojua kusoma walisomewa. Msichana mmoja, mtoto mgongoni, aliisoma ile tarehe kwa sauti akaikosea, na mama aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. "Si hivyo," akamwambia. "Soma tena, bole bole." Msichana akarudia, akaipata.

Kule langoni Mhariri alikuwa amesimama, mgongo wake kwetu, kichwa kimeinama upande mmoja akisikiliza. Aliposikia imesomwa sawasawa, akaendelea na safari yake.